Chai Tamu ya Mama Kaoutar

Alfajiri Nafisa, ambaye Rumonge nzima inamwita Mama Kaoutar, alipepea mkaa, akateleka birika lake kubwa, akapanga vitumbua kwenye sinia. Sukari hakuwa nayo. Ilikuwa imepotea madukani tangu kabla ya Ramadhani, na Ramadhani yenyewe ilishakuja, ikafuturiwa kwa uji usio na sukari, ikaenda zake.

Mteja wa kwanza alikuwa Melkiades, dereva wa taksi ambayo, kwa kukosa esansi, yaani petroli, siku hizi ilikuwa banda la kuku.

"Amahoro, Mama Kaoutar. Hii chai iko chungu kama shemeji aliyenyimwa soda."

"Basi kunywa huku unaniambia kitu kizuri."

Melkiades akamsimulia enzi zile ambazo vijana wa kituo cha mafuta walikuwa wakimkimbilia yeye. Asubuhi alikuwa akienda Bujumbura vioo wazi, na wakati wa kurudi akisimama Kabezi kununua maembe ya watoto. Alipofika kwenye maembe, chai ikawa tamu. Akaimaliza, akaomba kikombe kingine.

Haikuchukua muda wateja wakaujua utaratibu. Aliyedanganya alikunywa chai chungu na kulipa bei ileile. Kumbukumbu za harusi zilizidi utamu, kwa hiyo wenye ugonjwa wa sukari walishauriwa kuzungumzia shule. Mzee Pontiani, aliyezeekea ukimbizini Tanzania, alitumia siku moja tu: mama yake anakamua mawese kule Kizuka, kabla hawajakimbia, na watoto wamejipanga na mihogo ya moto mkononi wakingoja kuchovya. Siku hiyo moja ilimtosha vikombe vitatu.

Nafisa alikunywa wa mwisho. Yeye alimkumbuka marehemu mumewe Hamissi, akirudi na samaki kutoka ziwani na kupiga kelele tangu njiani: "Wenyewe mupo? Nimeleta mukeke, natafuta mke!" Chai hiyo aliinywa polepole. Kisha aliosha vikombe na kuhesabu kama karo ya Kaoutar imetimia, maana birika lile ndilo lililokuwa likimsomesha.

Lori la sukari lilikuwa likija, hilo halikuwa siri. Liliingia kwa lango la nyuma la Olivier, mkuu wa mtaa, na kutoka jepesi. Siku moja Olivier mwenyewe alifika kwa Nafisa na walinzi wawili.

"Mama, watu wanasema kwako chai iko tamu. Sukari unatoa wapi?"

"Sina, Shefu. Tafuteni."

Walitafuta kwenye unga, kwenye gunia la mkaa, na chini ya paka aliyekuwa amelala. Olivier akaketi, akaonja, akatema.

"Mbona chungu?"

"Hujasema kitu, Shefu," alisema Mzee Pontiani.

Olivier akakitazama kikombe. Halafu akasema kwamba zamani, akiwa mutoto, mama yake alimtuma sukari ya kufungwa kwenye karatasi. Njiani alitoboa tundu, akachovya kidole. Alipofika, mama alikishika kile kidole, akakinusa, akacheka mpaka akakalia kinu.

Akanywa. Akanywa tena. Macho yakamlowa.

"Tamu," alisema kwa sauti ndogo. Kisha akapangusa mdomo. "Kwa hiyo sukari iko."

Akaamuru birika lichukuliwe kama ushahidi.

"Lakini Shefu, huo utamu si wa mama yako?" aliuliza Melkiades.

"Sheria haina mama," alijibu Olivier. Akamalizia kikombe chake hadi machicha. Walinzi, kwa sababu birika lilikuwa la moto, walilibeba kwa kulipitishia mti kwenye mkono wake, kama mgonjwa anayepelekwa hospitali. Hakuna aliyelipa.

Kesho yake Nafisa aliteleka chai kwenye sufuria aliyoazimwa na mke wa Melkiades. Ilinukia wali kidogo, na ilitosha nusu ya wateja. Kaoutar hakwenda shule. Alibaki kuosha vikombe.

"Anza wewe, Mzee," alisema Nafisa.

Mzee Pontiani akaanza na Kizuka. Chini ya benchi ulipita mstari wa sisimizi waliotoka upande wa lango la nyuma la Olivier, kila mmoja na punje yake nyeupe. Wateja waliinua miguu kuwapisha, wakangoja Mzee afike kwenye mihogo.