Kiraka Katika Tope

Lupiro nzima, chungu cha Bibi Balbina kilinunuliwa kwa kugongwa kidole mara moja tu. Kikilia ngo! mtu anajitwika, anaondoka. Tena ni yeye huyo aliyewahi kusimama gulioni, akagonga chungu cha mwenzake Justa kikalia pu, akapaza sauti watu wote wasikie: "Hiki kina kiraka! Justa, umeziba ufa ukapaka masizi. Huna aibu?" Justa aliacha kufinyanga tangu siku ile. Akawa anauza vitumbua.

Basi kiangazi cha mwaka tisini na sita, Evarist, kijana wa Mahenge aliyekuwa anasoma chuo kikuu Dar es Salaam, alipoulizia mahali penye ubaridi pa kuweka mabomba yake ya tope, wote walimwelekeza kwenye banda la Balbina. Kwa bibi yule hakiharibiki kitu, walimwambia.

Mabomba yalikuwa saba, ya plastiki, marefu kama mtu. Evarist na wenzake waliyadidimiza chini ya bwawa lililoachwa na mto zamani, wakayang'oa yamejaa: juu tope la juzi, chini tope la enzi za mababu.

"Na hilo tope litakwambia nini, mjukuu wangu?"

"Lina chembe za chuma, bibi. Mvua zikizidi, udongo wa milimani unashuka na chuma chake. Mvua zikiadimika, chembe zinapungua. Tunapitisha bomba kwenye pete ya mashine, inapima sumaku ya chembe hizo, inatoa namba. Tunajua udongo ulitoka wapi, na miaka ilikuwaje."

Balbina akafurahi. "Kitendawili!"

"Tega!"

"Babu kalala chini ya maji, ukimwamsha anakuhesabia mvua zote."

"Tope la bwawani!"

"Ah, umelipata kwa sababu bado linakuuma mabega."

Evarist akavuka mto kwa pantoni kwenda Ifakara kuchukua mashine. Siku ya pili Balbina alisogeza bomba moja ili afikie udongo wake wa kufinyangia. Likamponyoka. Kifuniko kikaruka, na tope la urefu wa kiganja likamwagika sakafuni, kuku wakalichakura.

Mikono yake haikungoja ushauri. Ilichota udongo wake mwenyewe, mweusi vilevile, wa bwawa lilelile, ikashindilia, ikalainisha, ikafunga. Ukitazama huoni kitu. Usiku hakulala vizuri, lakini alijiambia: tope kwa tope, nani atajua?

Mashine ilipokuja, watu walijaa bandani, Justa naye akiwa na sinia lake. Evarist akapitisha bomba la kwanza, la pili. Namba zikapanda kidogo, zikashuka. La tatu likafika karibu na mwisho, namba zikaruka mpaka kijana akapiga kelele.

"Udongo ulioungua! Huo unavutwa na sumaku kupita wote! Jamani, hapa paliwahi kuwaka moto mkubwa, ukame wa ajabu!"

"Moto huo naujua," akasema mzee Theodori, akijiweka sawa. "Babu yangu alinisimulia. Viboko walikimbilia Mahenge!"

"Kwa miguu au kwa basi?" mtu akauliza, watu wakacheka.

"Mzee, nitaandika hayo," Evarist akasema, na kweli akaandika. "Kesho barua inakwenda kwa profesa wangu. Na jina la Bibi Balbina litakuwemo, kwa kututunzia."

Balbina alihisi uso unawaka kama tanuri. Udongo wake ulikuwa na vigae. Kila mfinyanzi husaga vigae vya vyungu vilivyovunjika akachanganya, ili chungu kisipasuke. Vigae vilikwisha pita motoni. Moto ule mkubwa ulikuwa wa jikoni kwake, na viboko wa Theodori walikuwa wanaukimbia bure.

Angeweza kunyamaza. Akamwona Justa anamtazama tu, kama watu wengine. Hapo akamsogelea Evarist.

"Mjukuu wangu, hakuna moto. Niliangusha bomba, nikaliziba. Ni udongo wangu wa vyungu, una vigae."

Mzee Theodori akatazama miguu yake. Balbina akaleta kinu chenye unga wa vigae, Evarist akausogeza kwenye pete, na namba zikaruka zilezile.

"Bibi," kijana akasema polepole, "kwa nini hukuniambia?"

Balbina akafuta unga wa vigae ukingoni mwa kinu.

"Basi nitaandika kwamba lilichafuka njiani. Jina lako halitatajwa. Nionyeshe tu kiraka kinapoanzia."

Bomba likafunguliwa. Balbina akainama, akatafuta kwa macho, akatafuta kwa kidole. Hakuona kiungo. Alikuwa ameziba vizuri mno. Ilibidi mashine imwonyeshe kazi ya mikono yake, kidole kwa kidole, watu wakiangalia.

"Halikuchafuka njiani," akasema. "Nipe kalamu."

Kwenye utepe mweupe ambao Evarist aliubandika penye kiraka, akaanza kuandika kwa herufi za darasa la nne: *Hapa nimeziba mimi, Balbina*. Bomba likawa linabingirika, herufi zinapinda. Justa akaweka sinia chini, akapiga magoti, akalishika bomba kwa mikono miwili. Balbina hakuthubutu kumtazama. Akaendelea kuandika.