Pita Kabla ya Waya

Uliona. Usianze kupangusa miwani sasa. Uliliona lile lori likimwaga kompyuta kuukuu kwenye shimo la machimbo nyuma ya Kitengela. Ukawaona vijana wakichoma nyaya wapate shaba, moshi mweusi ukaingia mpaka kwenye nguo ulizoanika, na ulichofanya wewe ni kufunga dirisha. Takataka, ulisema. Nani alikuambia? Ulifungua hata moja ukaangalia kilichomo?

Resian alifungua. Ndiyo sababu hadithi hii ni yake na si yako.

Miaka karibu ishirini iliyopita, Kitengela ikiwa bado na nyasi nyingi kuliko mabati, Resian na mwenzake Felix Kuntai, wametoka tu shule ya upili, walijibanza kwenye saiba moja, duka la intaneti, karibu na stendi wakatengeneza gemu ya kompyuta. Hawakufundishwa na mtu. Walijisomea mtandaoni wateja wakipungua, mwenye saiba akiwafukuza, nao wakirudi kama nzi kwenye maziwa.

Gemu yenyewe waliiita Pita Kabla ya Waya. Wewe ni mchungaji, ukame umeingia, unawatoa ng'ombe wako Kajiado kwenda kutafuta malisho kaskazini, kupitia tambarare za Kitengela. Kila ukizubaa, mtu anauza ploti na ua wa waya unasimama mbele yako. Ukizubaa sana, njia hakuna. Watoto waliicheza wakalia kwa hasira, na kesho yake wakarudi kulia tena. Felix na Resian waliinakili kwenye CD, na juu ya kila CD Felix akachora kwa kalamu nene ng'ombe mwenye pembe moja iliyopinda.

Halafu saiba ikafungwa. Kompyuta zikauzwa kwa jumla, na gemu ikaenda nazo, pamoja na CD zote zilizokuwa stoo. Felix akapata kazi Magadi, akaacha hata kuitaja. Tulikuwa watoto, alisema. Resian alifungua kibanda cha kutengeneza simu, akaanza kuitafuta. Hakuna duka la vitu vya mitumba kuanzia Kitengela mpaka Kajiado ambalo hakuwahi kuinama chini ya meza zake, akipekua katoni za waya, kibodi zisizo na herufi, CD za mahubiri na za harusi za watu.

Mwaka huu likaja jambo la kumkata maini. Nairobi kulikuwa na maonyesho ya historia ya gemu za kompyuta. Resian akaenda, akasimama mbele ya kadi iliyobandikwa ukutani: kabla ya simu za kisasa, watu wa maeneo haya walicheza gemu za wengine tu, hawakutengeneza zao. Akaisoma mara mbili. Akamtafuta mwandalizi, bwana mmoja mpole aliyeitwa Wakhungu.

"Hiyo kadi inadanganya."

Wakhungu alimsikiliza mpaka mwisho, hilo lazima tumpe. "Dada, hadithi yako ni tamu," akasema. "Lakini niletee kitu kinachowaka kwenye skrini. Jumamosi tunafunga, na hizi kadi zinaingia kwa kitabu. Kitabu kikishachapishwa, ni hivyo basi."

"Itawaka," Resian akasema. "Wewe anza kubandua gundi."

Hakuwa nayo CD hata moja. Lakini alitoka pale akitembea kama mtu aliye nayo mfukoni.

Alianzia kwa Kiama, muuza kompyuta za mitumba wa Kitengela, ambaye duka lake limejaa hadi mteja lazima aingie kwa ubavu.

"Malkia wa takataka!" Kiama akapaza sauti. "Leo nimekuwekea kipanya bila mkia."

"Weka hapo na mwenzake mwenye mdomo. Kiama, ile saiba ya stendi ilipofungwa, stoo yake ilienda wapi?"

"Si niliinunua mimi."

"Wewe?"

"Kompyuta niliuza. Zile CD hazikuwa na mteja, nikampatia Keziah wa Isinya, yule mama wa kuku. Mwewe walikuwa wanammalizia vifaranga."

"Miaka yote nakuja hapa, Kiama, na hujawahi kuniambia!"

"Miaka yote unaniuliza gemu. Hujawahi kuniuliza mwewe."

Huko Isinya, Keziah alimpeleka nyuma ya nyumba bila maswali mengi. Juu ya ua wa kuku CD zilikuwa zimetungwa kwa kamba, zikizunguka na upepo na kurusha mwanga, mwewe asithubutu kushuka. Resian alivuta moja. Jua lilikuwa limeila. Ngozi yake ya fedha ilikuwa imebambuka kama magamba ya samaki, na katikati ungeweza kuona mawingu. Kuku walikuwa salama, gemu ilikuwa imekufa. Pembeni pake, wino umefifia, pembe moja iliyopinda.

"Pole, mama," Keziah akasema. "Kama ningejua."

"Zote ziliishia hapa?"

"Nusu. Kuna mama mmoja wa shanga, wa Kajiado, tulikuwa tunakutana sokoni. Alipoona huyo ng'ombe aliyechorwa akaanza kucheka peke yake. Akaniambia, huyu ni ng'ombe wa kijana wangu. Nikampatia."

Uso wa Resian ukamwaka. Mama wa shanga wa Kajiado, mwenye kijana anayechora ng'ombe! Huyo alikuwa Nashipae, mamake Felix. Alikula ugali kwake mara ngapi? Alikunywa chai yake ya maziwa matupu mara ngapi, akitoka kupekua maduka, akilalamika kwamba hakuna aliyehifadhi kitu? Aliuliza kila muuza vyuma. Huyu hakumuuliza, kwa sababu huyu anashona shanga, na mtu wa shanga atajua nini mambo ya kompyuta?

Unacheka? Wewe pia una mama ambaye hujamuuliza.

Nashipae alikuwa ameketi mlangoni pake, sinia la shanga mapajani.

"Takwenya, Resian," akamsalimu kwa Kimaasai.

"Iko, Yeyo," Resian akamwitikia kama mama yake.

"Umekonda, ama ni hiyo nguo?"

"Ni barabara, Yeyo. Natafuta zile CD za Felix."

"Zile vioo?" Nashipae hakuinua macho kutoka kwa sindano. "Si nilizishona. Ni nzuri, zinasimama wima, hazikunji kama karatasi. Unazungushia shanga, inakuwa pambo la ukuta. Wageni wa barabara ya Namanga walizibeba."

"Zote?"

Nashipae akaelekeza kidevu ndani. Ukutani, juu ya picha ya harusi ya Felix, lilining'inia pambo moja la duara, jekundu na jeupe na buluu, shanga zimekaa mstari kwa mstari.

"Hiyo siuzi. Nilishona ya harusi yake."

Resian alilisogelea bila kuligusa. "Yeyo, ulibandika na gundi?"

Sasa mama aliinua macho, na yalikuwa makali. "Gundi ni ya watu wavivu! Mimi nashona. Nimeifunika na kitambaa pande mbili, ndiyo shanga ikuwe na mahali pa kushika."

Hapana gundi, na jua halijaigusa tangu siku ile. Lakini Resian alijua anachokwenda kuomba, akaitazama kwanza ile picha ya harusi.

"Unataka nifumue harusi ya kijana wangu," Nashipae akamtangulia.

"Kuna kadi Nairobi, Yeyo. Imeandikwa huku kwetu hakuna aliyetengeneza gemu. Jumamosi inaingia kwa kitabu."

"Wanasema Felix hakutengeneza kitu?"

"Wanasema sisi wote."

Nashipae akatazama ukuta, akatazama picha, akafyonya. "Toa hapo. Lete na wembe. La, wewe kaa mbali. Mkono uliofunga ndio unafungua."

Akafumua. Uzi mmoja, kisha mwingine, shanga zikidondoka kwenye sinia na kutoa sauti ya mvua ndogo juu ya bati. Alitenga nyekundu na nyekundu, nyeupe na nyeupe, bila kuharakishwa na mtu. Kitambaa kikatoka. Chini yake, safi, ng'ombe mwenye pembe iliyopinda.

Resian alikuwa na kompyuta yake ya mkoba, nzee, nzito, yenye mdomo wa CD, aliyoibeba kokote alikokwenda kama fundi na tindo lake. Ilimeza. Ikakoroma, ikanyamaza, ikakoroma tena. Skrini ikawa nyeusi muda mrefu.

Halafu ikawa kijani, na sauti ya mwanamke ikaita ng'ombe, juu, kwa nguvu: "Hoiyoo! Nanyokie! Naibor!"

Mkono wa Nashipae ukabaki hewani.

"Huyo ni mimi."

"Ni wewe, Yeyo. Felix alikurekodi kwa simu pale bomani. Hakukuambia?"

"Nanyokie alikufa na ule ukame mkubwa. Na Naibor. Wote walikufa."

Kwenye skrini ng'ombe mwekundu alikuwa akitembea taratibu, kichwa chini, wenzake nyuma. Nashipae akasogea mpaka pua ikakaribia kioo. Akaona nguzo ikichomoza upande wa kulia, na waya ukianza kuvutwa.

"Unangoja nini?" akafoka. "Mpitishe! Si unaona wanafunga upande huo?"

Resian akamsogezea kibodi. Akampigia Felix, akaweka simu karibu na skrini. Kule Magadi, Felix akamsikia mamake akimtukana mwenye ploti na kuwaita ng'ombe waliokufa, sauti mbili za mtu mmoja, moja ya zamani na moja ya leo.

"Bado inawaka?" Felix akauliza.

"Bado, na mamako anatushinda."

Jumamosi Wakhungu aliibandua ile kadi kwa kucha zake mwenyewe, watu wakiwa wamejipanga kucheza. Wala hakubisha. Na Resian aliporudi Kajiado alimpelekea Nashipae CD mpya yenye nakala, naye akaishona kwa shanga zilezile, akaitundika pale pale.

Sasa wewe. Lile sanduku lililo chini ya kitanda chako, lile lililo juu ya kabati la mamako, ile kompyuta unayotaka kumpa mtu wa vyuma kwa sababu inakula nafasi. Usiseme wikendi. Lori la vyuma liko mtaani kwako leo, linapiga honi, unalisikia. Simama. Zima hiyo simu, toka nje, mwambie dereva angoje, ufungue sanduku kwa mkono wako mwenyewe. Na ukipita mlangoni, muulize mamako. Nenda.