Pua ya Fundi Viatu

Niseme mapema: mimi sina mdomo wa sukari. Nimeshona viatu miaka ishirini na miwili kwenye mtaa wetu wa mafundi, mwanamke peke yangu kati ya wanaume sita, na hakuna hata mmoja aliyewahi kunipanda kichwani. Kwa hiyo siku tuliyokaa barazani kuzungumzia gundi, unadhani nani alisimama wa kwanza?

Vijana walikuwa wanainunua kwetu kidogo kidogo kwenye chupa, eti wakabandike viatu nyumbani. Viatu gani? Wengine walikuja peku! Wanajificha nyuma ya stoo wanaivuta puani, halafu unawakuta macho mekundu, hata ukiwaita kwa majina hawaitiki. Nikasema, "Kuanzia leo gundi haitoki mtaani hapa. Mwenye kiatu alete kiatu, tukibandike sisi. Atakayetoa hata tone, akatafute mtaa mwingine." Mzee Soli, fundi mkuu wetu, akapiga meza. Tukala kiapo, wote saba.

Baada ya wiki tatu nyuma ya stoo palikuwa peupe. Nilivimba kichwa, sikatai.

Ndipo msusi akaja. Kibanda chake kiko ng'ambo ya barabara, na yule akiwa na neno hulisema akiwa kwake na mtaa mzima ukasikia. Siku hiyo alivuka, akaingia, akafunga mlango.

"Fundi, jana nilimsuka Kiroboto."

Kiroboto ni binti wa marehemu kaka yangu. Ana miaka kumi na sita, nimemlea tangu ana meno mawili. Jina nilimpa mimi, maana hakuwahi kukaa sehemu moja dakika tano.

"Ulimvuta nywele, sivyo? Ndiyo maana analalamika kichwa."

"Ananuka gundi."

"Ebo! Kwangu kila kitu kinanuka gundi. Hata chai."

"Siyo nguo, fundi. Ni pumzi yake."

Mori ulinipanda. Nilimwambia maneno ambayo siwezi kuyarudia mbele ya watu wazima, nikamfungulia mlango atoke. Kisha nikakaa. Nikafungua kopo jipya la gundi, nikalisogeza karibu na uso. Hakuna kitu. Nikalisogeza zaidi. Hakuna kitu, kama nimenusa maji.

Pua yangu ilikuwa imekufa, jamani, na sikujua ilikufa lini. Mtoto analala chumba kimoja nami, ananikumbatia kila asubuhi, nami nisijue. Na ule utulivu wake wa siku za karibuni, Kiroboto kukaa kitandani saa nzima anatazama ukuta, nilisema sasa amekua. Nilishukuru, mjinga mimi.

Nikaenda kwenye kopo la akiba, nyuma ya rundo la soli. Lilikuwa nusu. Gundi ilikuwa inatoka kwangu.

Nilirudi nyumbani na kandambili mkononi, nimejiandaa kwa vita. Alikuwa amekaa pale pale. Aliitazama ile kandambili, akanitazama mimi.

"Shangazi," akasema, "mimi nilidhani unajua. Kila siku nakupumulia usoni, na wewe husemi kitu."

Kandambili ilianguka yenyewe. Nilimshika, tukalia mpaka kamasi zikatutoka.

Kesho yake nilisimama tena barazani. "Gundi imetoka kwangu. Kiapo ni kiapo, nifukuzeni."

"Kaa chini," Mzee Soli akasema. "Hata kwenye makosa unataka uwe wa kwanza?" Akafungua kopo, akanusa, akalipitisha. Mmoja baada ya mwingine, wanaume wazima wakavuta pumzi na kutazamana. Hakuna aliyesikia harufu! Mafundi saba tumejipa ulinzi wa gundi, na hatuna pua hata moja.

Tukacheka mpaka mbavu zikauma, kisha tukafanya kazi. Makopo yote yakaingia kwenye sanduku moja lenye kufuli. Ufunguo tukampa msusi, na pua yake ikawa pua ya mtaa. Akimnusa kijana ana gundi, anamwita kwa upole, anamwita na mama yake, wanakwenda zahanati pamoja.

Nami nilimpeleka Kiroboto, na muuguzi wa zahanati akanipa moyo. "Anaweza kuacha kabisa. Lakini asikae penye harufu hiyo."

"Muuguzi, harufu hiyo ni mimi."

Nilivuka barabara kichwa chini kwenda kwa msusi kuomba radhi. Hakuningoja nimalize. "Matusi yako nimeyazoea. Lete godoro la mtoto."

Kwa hiyo Kiroboto akahamia kwake, anajifunza kusuka baada ya shule, nami nikawa namtazama kwa mbali kama jirani. Iliniuma, sitaficha. Mwezi wa pili akiwa kwa msusi aliteleza, akavuta tena. Msusi alimnusa kabla hajavuka kizingiti, akamrudisha zahanati asubuhi ile ile. Hakuteleza tena. Mimi nami nikaanza kushona soli kwa uzi na nta kila inapowezekana. Vidole vilitoboka, lakini viatu vyangu sasa havibanduki, waulize wateja.

Mwezi wa tano, Jumamosi mchana, nilikuwa nimeinama kwenye kiatu kimoja sugu kilichokataa uzi, nikitumia gundi kidogo. Kivuli kikaziba mlango. Kiroboto. Alipiga hatua mbili, akasimama, akakunja uso, akaziba pua.

"Lo! Shangazi! Mbona unanuka hivyo?"

Mtoto aliyekulia kwenye harufu ile hakuwahi kuisikia maisha yake yote.

"Nanuka nini?"

"Gundi! Unanuka gundi, shangazi, mpaka kichwa kinaniuma. Hukuwa hivi."

"Nilikuwa hivi," nikasema, na machozi yakaanza. "Nilikuwa hivi hivi, mwanangu."

Alirudi nyuma mpaka barabarani, bado ameziba pua, anacheka. "Basi kaoge. Nguo hizo ziache huku dukani. Ukitakata, uje unichukue, twende nyumbani."

Nilifunga duka mchana kweupe. Nilioga mara tatu, nikavaa gauni ambalo halijawahi kuingia dukani, kisha nikavuka barabara kwenda kunuswa.