Furushi la Agape

Mwaka ule wa vita, kabla hawajavuka ziwa kutoka Kongo, mama alimfundisha Agape, mtoto wa miaka mitano: ukisikia kelele, funga nguo zako kwenye kitenge, vaa ndala, kaa mlangoni. Somo lilimwingia barabara.

Sasa waliishi Kibirizi, ng'ambo ya ziwa, jirani na vichanja vya kuanikia dagaa. Bunduki hazikuwepo, lakini baba na mama walifokeana kila uchao. Asubuhi hiyo baba alipopiga teke sufuria ya uji, Agape alifunga furushi, akavaa ndala, akakaa mlangoni.

"Mama, tunakimbia lini?"

Wote wawili wakalitazama furushi. Kisha baba akamgeukia mama: "Umeona ulivyomharibu mtoto?"

"Mimi? Au wewe na makelele yako!"

Agape akalikaza fundo, akasubiri.