Mzigo Uliofungwa kwa Upepo

Roketi yetu ya kwanza ilitoboa bati la Mama Berthe. Ilipanda vizuri kupita mikaratusi, ikasimama hewani kama inayofikiri, kisha ikarudi kichwa chini, moja kwa moja, ikaangukia upande wa pili wa ukuta wa shule. Tulisikia mlio wa bati, halafu sauti ya Mama Berthe, na hiyo sauti ndiyo iliyotuogopesha zaidi.

"Nyamuhanga, Mungu wangu! Nani ananitupia bitu juu ya nyumba? Na maharagi yangu iko ndani!"

Prefe, yaani mkuu wa shule yetu, Mukendi, mtu wa Kasai ambaye bado hajaizoea baridi ya Butembo na hushinda na skafu shingoni, alikwenda mwenyewe kuomba msamaha. Aliporudi aliniita pembeni.

"Madamu Rébecca, nakupatia mara moja tena, siku ya posho, Jumamosi hii, mbele ya wazazi. Ikianguka tena vile, donc kilabu yenu ya roketi imekwisha. Wasichana watarudi kwa kushona."

Nilisema ndiyo. Ninafundisha fizikia tangu mwaka jana tu, na mbele ya wakubwa neno hilo ndilo linalonitoka kwa urahisi. Lakini nilipoingia darasani na kumkuta mwanafunzi wangu Gracieuse ameipakata pampu ya baiskeli kama mtoto mchanga, na wenzake wote wakinisoma uso, nilishindwa kuwaambia.

Roketi yenyewe haikuwa na moto. Huku kwetu hakuna anayetaka kusikia kitu kikilipuka, hata kwa mchezo. Ilikuwa chupa kubwa ya plastiki, mdomo chini, maji kidogo ndani, na hewa tuliyoisukuma mpaka kizibo kishindwe kuizuia. Kupanda hakukuwa tabu. Tabu ilikuwa kushuka. Tulikata mabawa matatu kwenye bidoni, dumu la plastiki la mafuta, tukayashikiza karibu na mdomo wa chupa kwa vipande vya mpira vinavyoyavuta yafunguke. Kabla ya kurusha tuliyalaza ubavuni mwa chupa na kuzificha ncha zake chini ya kofia ya karatasi ngumu, yenye udongo kidogo ndani ili iwe na uzito. Kofia hiyo ilikaa tu; uzi mmoja mrefu uliizuia isipotee. Roketi ikipanda, upepo unaikandamiza kofia. Ikifika juu kabisa na mbio kuisha, upepo nao umeisha: kofia inatoka, mabawa yanafunguka, na chupa inashuka ikizunguka kama helikopta.

Ndivyo nilivyochora ubaoni. Kwa nini basi mabawa hayakufunguka?

Jibu lilishuka kutoka kwenye bati la Mama Berthe pamoja na kaka yangu. Kahongya hubeba mizigo kwa pikipiki, kabichi za Kipese, magunia ya Kirumba. Siku ile alikuwa amekuja kutusaidia, na ni yeye aliyepanda kuitoa chupa na kuziba tundu. Alinionyesha kofia kwa fahari.

"Ona, Rébecca! Imeanguka toka kule juu, mais kofia yako haikutoka. Niliikaza na mupira. Ilikuwa inacheza-cheza."

"Yaya... ulifunga?" Yaya, kwetu, ni ndugu mkubwa.

"Nilifunga, ndiyo! Mi natoka Kirumba na matope yote ile, hata kabichi moja hapana anguka. Sasa kofia ya karatasi ndiyo itanishinda?"

Wasichana walicheka hadi wakashikana mabega. Mimi sikuweza. Mafundo yake ndiyo yaliyonipeleka chuoni, mzigo baada ya mzigo. Nikamshukuru kwa kiraka, nisimwambie kwamba mpira wake ndio uliotuangusha.

Jumamosi wazazi walisimama kuuzunguka uwanja. Mama Berthe alikataa kuja. Alikaa kwake, nyuma ya ukuta, na alikuwa ametuma neno: akisikia bati lake tena, atafika kwa chefu wa kata kabla sisi hatujafika mlangoni pake.

Gracieuse alipiga magoti kwenye pampu. Kulikuwa na upepo mdogo, na kofia ilitikisika. Kahongya akatoka katikati ya wazazi, mpira mkononi.

"Ngojeni! Hii itatoka mbele ya kufika juu."

"Hapana, Yaya."

Nilisema kwa sauti ya chini mno. Mpira ulikuwa umeshazunguka kofia mara moja.

"Yaya, wacha!"

Uwanja mzima ukageuka kunitazama. Sikuwa nimewahi kumpazia kaka yangu sauti, hata utotoni.

"Usifunge," nikasema. "Upepo ndio utaifunga."

"Upepo?" Alitazama juu, akanitazama mimi. "Na nani ataifungua?"

"Upepo huohuo. Ukiisha."

"Mi nafunga mizigo tangu sina ndevu," aliwaambia wazazi, "na hapana mutu alishaniomba kufunga muzigo ili ifunguke njiani!"

Walicheka. Yeye aliufungua mpira, akautia mfukoni, kisha akaiweka kofia sawa kwa kidole kimoja, kama mtu agusaye uso wa mtoto aliyelala. Akarudi nyuma.

Gracieuse alisukuma, akasukuma. Kizibo kikachomoka, maji yakatulowesha, na chupa ilikuwa imeshatuacha.

Kofia ilishika. Niliiona ikishika mpaka roketi ikawa doa jeupe juu ya mikaratusi, mpaka ikasimama. Hapo juu, ambapo hakuna mkono wa mtu, kofia ikaachia bila haraka. Mabawa yakafunguka. Chupa ikageuka, ikaanguka kidogo, na akina mama wakavuta pumzi. Kisha mabawa yakaikamata hewa.

Hayo nilikuwa nimeyafundisha. Nilikuwa nimeyachora kwa chaki na mishale. Kumbe sikuyajua. Mabawa matatu yalizunguka hadi yakawa duara moja, jua likapita ndani yake, na duara hilo likashuka kama mtu anayeshuka ngazi gizani, akiipapasa kila hatua kabla ya kuikanyaga. Kahongya alikuwa amevua kasketi yake, kama kanisani.

Ndipo upepo ukaisukuma kuelekea ukutani.

"Hapana," Gracieuse akanong'ona. "Hapana, hapana."

Duara likazama nyuma ya ukuta. Tukangojea bati. Tukangojea. Jogoo aliwika mahali fulani, akanyamaza. Prefe akakaza skafu yake, akaelekea kwa Mama Berthe, nasi tukamfuata.

Alikuwa ameketi mlangoni, ungo mapajani, akichambua maharagi.

"Mama, utusamehe," prefe akaanza.

"Juu ya nini?"

"Juu ya bati."

"Bati imefanya nini? Niko hapa toka asubuhi, masikio wazi. Naingojea tu hiyo kitu yenu. Munairusha saa ngapi?"

Tulikuwa tukitazama juu ya kichwa chake. Chupa ilikuwa imelala kwenye bati, karibu kabisa na kiraka, na upepo ulikuwa ukilitikisa bawa moja.

Mama Berthe akageuka. Alisimama polepole, maharagi yakamwagika miguuni pake, wala hakuyaangalia.

"Hii ilifika lini?"

"Sasa hivi, Mama," nikasema.

"Bongo! Munanidanganya. Sikusikia kitu."

"Ndiyo, Mama. Hukusikia."

Alitia kiganja mdomoni. Kisha akamgeukia prefe kwa hasira.

"Na ni mimi niko na nyumba! Batu yote bameona, mimi peke yangu hapana? Muirushe tena. Muirushe mbele ya macho yangu."

Prefe alilegeza skafu yake. Akamtazama Gracieuse.

"Maji ingali iko?" akauliza.

Gracieuse alikuwa ameshakimbia kuchota.