Rangi Katika Kisima cha Kayole

Kazi ya Wandera ilikuwa kufuata maji yasiyoonekana. Kule Bonde la Ufa, kwenye visima vya mvuke, yeye na wenzake walitia rangi ya kijani katika kisima kimoja, kisha wakachota maji ya visima vingine wiki baada ya wiki, wajue yale maji ya moto yanapita wapi chini kwa chini. Rangi kidogo tu ilitosha.

Mwaka ule wa mvua ya El Nino, kipindupindu kiliingia Kayole. Triza, bintiye wa miaka sita, alimalizwa kwa siku mbili. Tangu hapo Wandera hakuona kingine ila choo cha shimo cha jirani yake Mukhwana, hatua ishirini tu kutoka kisima walichochotea wote. Mukhwana alikuwa ameapa mbele ya kanisa kwamba choo chake hakivuji.

"Kuapa ni mdomo tu, Mama Triza," Wandera alimwambia mkewe, Nerima. "Rangi haiapi."

Akaiba chupa ya rangi kazini. Jumamosi, macho mekundu kwa kukosa usingizi, alikoroga rangi kwenye ndoo akaimwaga chooni, majirani wakitazama. Jumatatu akachota maji kisimani. Lo! Yalikuwa ya kijani.

"Huyu ndiye aliyeniulia mtoto!" akapiga ukelele.

Jamani, hasira hasara, lakini nani husikia akiwa nayo? Vijana wa steji ya matatu walimburura Mukhwana nje, bado ana tonge mkononi.

"Wandera, ndugu yangu, waambie wangoje kidogo!"

Wandera hakusema neno, na moyoni, Mungu amsamehe, alifurahi. Mukhwana alipigwa hadi akakata roho palepale matopeni.

Alhamisi alimsimulia Nakhumicha, mwenzake wa maabara. Badala ya kumpa pole, mama yule akamuuliza, "Maji ulichotea ndoo gani?"

Chombo kilichoshika rangi hakichotewi maji ya kupima. Hiyo ndiyo sheria ya kwanza, na Wandera mwenyewe ndiye aliyewafundisha wageni kazini miaka minane. Ndoo ilikuwa ileile. Aliisuuza mara moja tu.

"Basi rangi imetoka kwa ndoo?"

"Labda. Labda choo kinavuja kweli. Lakini umeshaitumbukiza kisimani, Wandera. Kisima chenyewe sasa kina rangi yako. Hatutajua."

Matangani kwa Mukhwana, Wandera alikaa nyuma kabisa, amekusudia kusema ukweli. Kabla hajainuka, Lorine, mjane wa Mukhwana, alimjia na kupiga magoti mbele ya watu wote.

"Baba Triza, marehemu hakujua kama choo kinavuja. Tusamehe kwa ajili ya mtoto wako, nasi tumzike kwa amani."

Nerima akamgusa kiwiko ajibu.

"Nimewasamehe," Wandera akasema.

Lorine akamshika mikono yote miwili, akamshukuru.