Sauti ya Mashine Ghorofa ya Chini

Mkurugenzi alitakiwa kumjibu waziri kabla ya saa tisa: ataendelea kuongoza utafiti wa ulinzi wa nchi kwa kipindi kingine, au basi? Asubuhi mume wake, akimfunga kifungo cha mkono wa shati, alimwambia, "Mke wangu, sema lolote, mradi usirudi na uso ule wa jana."

Baada ya chakula cha mchana akashuka maabara.

Ujana wake wote alishinda huko chini, magoti yamejaa mchanga, akiunda mashine ya kutafuta mabomu yaliyofukiwa ardhini. Kisha wakampandisha cheo, wakampandisha tena, hadi akajikuta kwenye zulia na mikutano isiyoisha. Siku hizi kila akiingia maabara, watafiti huzima mashine na kusimama wima. Ni heshima, hana la kuwalaumu. Lakini ule mluzi mwembamba unaopanda pale mashine inapokaribia chuma alikuwa na hamu nao kama mtu mwenye ndugu ughaibuni.

Siku hiyo nayo alipofungua mlango, tap! Kimya.

"Shikamoo, Mkurugenzi."

"Marahaba. Washeni, jamani."

Wakatazamana. "Tusikusomee taarifa kwanza?"

"Taarifa zimenichosha. Nataka kusikia."

Mkuu wa maabara, aliyewahi kuwa mwanafunzi wake, akaondoa koti lake kitini, akapangusa mchanga kwa kiganja. "Kaa hapa, mwalimu," akasema taratibu, kisha akawasha.

Mkurugenzi akashika mpini, akaupitisha juu ya sanduku la mchanga. Kimya. Akarudia. Kimya.

"Umeshika kinyume," mtafiti mmoja akaropoka, akajiziba mdomo.

Wote wakaganda. Mkurugenzi akacheka mpaka machozi yakamtoka. Miaka mingi hakuna aliyethubutu kumsahihisha.

"Nikirudi huku mtanifundisha?"

"Mashine imebadilika yote, mwalimu," mkuu wa maabara akasema. "Utaanza kwa kuchekecha mchanga, kama sisi."

"Nitachekecha."

Akageuza mpini. Mluzi ukapanda, mwembamba, ukamwingia hadi mifupani.

Simu haziruhusiwi mle ndani, kwa hiyo akatoka kwenda kupiga ukumbini. "Mheshimiwa, nashukuru sana. Hapana."

Waziri akauliza ni nani sasa atakayeweza kukaa kwenye kiti kile. Sikio jingine la Mkurugenzi lilikuwa mlangoni, kusikia kama wamezima.

Hawakuzima.